Tuwasaidie Vijana Wasome na Kompyuta



Mwaka jana, wakati wa kufunga hesabu za chama, jina la mama mmoja wa kule nyumbani lilitokea kwenye orodha ya wadaiwa. Stakabadhi zake zote alikuwa nazo, amezifunga kwenye pindo la kanga. Sisi wahasibu tulipekua madaftari siku mbili, hatukuona kosa. Aliyeliona ni binti yetu anayesoma kilimo chuoni, ambaye alichukua kozi mbili za kompyuta kama masomo ya hiari. Nusu saa tu! Fomula yetu ya Excel ilitafuta malipo hadi mstari wa 60. Malipo ya mama yalikuwa mstari wa 63.

Tuliona aibu, tusifiche. Enzi zetu chuoni kozi hizo zilikuwepo, tukazikwepa tukihofia zitatushushia alama. Na kweli ni ngumu. Kuandika programu hakukaririwi kama sheria za kodi. Unakosea, unarudia, mpaka ikubali. Asiye na kompyuta yake anasubiri zamu maabara huku wenzake wameshalala.

Lakini hata hayo majedwali tunayoyategemea kila siku yalitokana na mtu wa fani mbili. Dan Bricklin alisoma kompyuta MIT, kisha akaenda kusomea biashara Harvard. Huko ndiko alikowaza jedwali linalojikokotolea lenyewe namba moja inapobadilishwa. Yeye na Bob Frankston wakatoa VisiCalc mwaka 1979.

Kwenye kamati wapo waliosema ada ya mtoto ni ya fani aliyoifuata, mengine ni anasa. Hoja hiyo hatuidharau, fedha ni za jasho la watu. Ndiyo maana hatuombi kulipia shahada ya pili. Tunaomba kompyuta mpakato tano, zilizotumika zinatosha, ziwe mali ya chama. Tutawaazima wanaosoma kilimo, ualimu, uuguzi au uhasibu na wamechukua kozi ya programu au hifadhidata. Anayeyumba kwenye fani yake kuu asubiri kwanza.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Mrudishieni mweka hazina. Yule mama ameshatoa shilingi 20,000. Stakabadhi yake tumeikagua mara mbili.