Aliyeacha Pombe Jana na Kuanguka Leo: Je, Ni Kifafa?

Mazungumzo ya afya yaliyotayarishwa kusomwa katika baraza za wananchi na kwenye foleni za zahanati, Kaunti ya Kilifi



Kuna jambo ambalo huonekana vijijini na mitaani, kuanzia Rabai na Kaloleni hadi Malindi, na mara nyingi hueleweka vibaya. Mtu ambaye amekunywa kila siku kwa miaka mingi anaamua kuacha. Pengine ameokoka. Pengine pesa zimekwisha, au wazee wa ukoo wamemkalisha kitako. Asubuhi ya kwanza mikono inamtetemeka hata kikombe cha chai hakishikiki. Usiku hapati usingizi, anatoka jasho na moyo unamwenda mbio. Siku ya pili anaanguka mlangoni, macho yamepinduka, povu linamtoka na mwili mzima unatukutika.

Majirani wanakusanyika. Mmoja anasema ni kifafa. Mwingine anasema ni majini. Wa tatu anasema amerogwa na mtu ambaye hakutaka aache. Jioni mtu anamletea chupa ya mnazi, anakunywa, mtetemeko unatulia, na wote wanaondoka wakiamini kwamba dawa ya mtu huyo ni pombe.

Kilichompata mtu huyo kina maelezo, na kina matibabu hospitalini. Asipotibiwa, kinaweza kumuua.

Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Ndiyo maana mlevi huongea kwa kuburura maneno na kuyumba akitembea. Mtu akinywa kila siku, ubongo hujifunza kuishi na breki hiyo kwa kuongeza nguvu upande wa pili. Ni kama mwendeshaji boda anayepanda mlima na magunia mawili ya makaa nyuma: analazimika kufungua mafuta sana ili asonge. Sasa magunia yakidondoka ghafla na mkono bado umefungua mafuta, pikipiki inaruka mbele na kumshinda. Pombe ikikatwa ghafla, ubongo wa mnywaji wa siku nyingi hufanya vivyo hivyo. Vijana wa Pwani wana neno la hali hii kwa watumiaji wa unga, arosto. Pombe nayo ina arosto yake, na ni mojawapo ya zile za hatari zaidi.

Saa zake zinajulikana. Mtetemeko, jasho na kichefuchefu huanza saa chache tu baada ya kinywaji cha mwisho, kwa kawaida kati ya sita na kumi na mbili. Mitukutiko huja zaidi kati ya saa 6 na saa 48. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huingia katika hali mbaya zaidi: homa, kuchanganyikiwa, kuona wadudu au watu wasiokuwepo, kupiga kelele usiku kucha. Hapo ndipo familia nyingi humpeleka mgonjwa kwa mganga, ilhali huo ndio wakati ambao kila saa ina thamani. Hali hiyo ni ya dharura, na mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja.

Je, aliyeanguka namna hiyo ana kifafa? Si lazima. Daktari husema mtu ana kifafa pale ambapo mitukutiko humjia bila kichocheo cha karibu, kwa kawaida mara mbili au zaidi, ikiwa imeachana kwa zaidi ya siku moja. Anayeanguka kwa sababu ya kukata pombe tu, akitibiwa na akabaki bila pombe, huenda asianguke tena maishani. Kumbandika jina la kifafa bila uchunguzi ni kumwonea.

Hata hivyo pombe na kifafa vina uhusiano mwingine. Unywaji wa kupindukia kwa miaka mingi huongeza uwezekano wa mtu kupata kifafa chenyewe. Mlevi huanguka, hugongwa barabarani au hupigwa kichwani, na jeraha la kichwa ni mojawapo ya vyanzo vya kifafa. Mwingine hunywa bila kula hadi mwili unaishiwa na vitamini B1, ambayo ubongo hauwezi kukaa bila yake; matokeo ni kuyumba, macho kwenda mrama na kupoteza kumbukumbu. Kwa hiyo kila anayeanguka kwa mara ya kwanza anahitaji kupimwa, awe mnywaji au la. Isidhaniwe tu kwamba ni pombe. Malaria, sukari kushuka, na damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka vyote huweza kuleta mitukutiko.

Kuna pia wale ambao tayari wana kifafa na wanatumia dawa. Kaunti hii inaujua ugonjwa huo: watafiti wa KEMRI wameufuatilia hapa Kilifi kwa miaka mingi, na walikuta kwamba zaidi ya nusu ya wenye kifafa hawakuwa wakipata matibabu ipasavyo. Kwa mgonjwa wa kifafa pombe huharibu kwa njia tatu. Humfanya asahau vidonge. Humnyima usingizi, na kukosa usingizi huita mitukutiko, hasa asubuhi baada ya kulewa. Tatu, dawa kama fenobabito nayo hupunguza kasi ya ubongo. Ikichanganywa na pombe nyingi, mtu anaweza kulala fofofo na pumzi ikakatika. Kosa kubwa zaidi ni lile la kuruka dawa siku ya arusi au matanga ili kupata nafasi ya kunywa. Dawa zisirukwe. Kinachopaswa kuachwa ni pombe.

Kwa Kilifi jambo hili lina uzito wa pekee. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, bila kamba ya kumshika akiteleza. Mvuvi yuko ndani ya mtumbwi. Kijana wa boda amebeba mama na mtoto. Mtukutiko wa dakika mbili ukimkuta mtu kitandani, huenda akaamka na maumivu ya kichwa tu. Ukimkuta juu ya mnazi, familia imepoteza baba. Mgema ambaye mikono inamtetemeka kwa sababu hakunywa jana asipande. Anayeanguka mara kwa mara, kwa sababu yoyote ile, asipande, asiendeshe na asivue peke yake hadi daktari amruhusu.

Maneno haya yasichukuliwe kama ruhusa ya kuendelea kunywa. Kuacha ni vyema sana, ila kuna namna ya kuacha. Anayekunywa mara moja moja anaweza kuacha leo bila wasiwasi. Anayepaswa kuwa mwangalifu ni yule anayekunywa kila siku, anayehitaji kutoa loki asubuhi ndipo mikono itulie, au aliyewahi kuanguka aliposimamisha pombe. Huyu asikate ghafla akiwa peke yake nyumbani. Aende kwanza kituo cha afya, aseme ukweli juu ya kiasi anachokunywa, na apangiwe. Hospitalini zipo dawa za kuutuliza ubongo kwa siku chache hizo, pamoja na vitamini B1. Mhudumu wa afya ya jamii kijijini anaweza kumwelekeza, na simu ya bure ya NACADA, nambari 1192, hupokea wanaotaka ushauri.

Familia nazo zinaombwa kutahadhari. Kumfungia baba chumbani siku tatu ili pombe imtoke ni upendo, lakini ni upendo unaoweza kuua. Wachungaji na maimamu wanaowaongoza watu kuacha wawaulize kwanza kama wamemwona daktari. Wanaosimamia mahabusu nao wakumbuke kwamba aliyekamatwa Ijumaa jioni akilewa anaweza kuanguka Jumamosi au Jumapili seli ikiwa imefungwa. Akianza kutetemeka na kuchanganyikiwa, hiyo si hila ya kutaka kuachiliwa. Apelekwe hospitali.

Mtu akianguka mbele yako, mwondolee vitu vigumu na vyenye ncha. Mwekee nguo laini chini ya kichwa. Legeza shati shingoni. Mitukutiko ikipungua, mlaze ubavu ili mate yatoke. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimmwagie maji, usimkandamize, na usimpe pombe wala kitu chochote anywe hadi fahamu zirudi kamili. Povu haliambukizi, hivyo msimkimbie. Angalia saa. Ikipita dakika tano bila kukoma, au akianguka tena kabla hajazinduka, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, au ameumia kichwa, au ni mjamzito, tafuteni gari la hospitali papo hapo.

Na akizinduka, msimulizeni amemkosea nani. Mwulizeni alikunywa lini mara ya mwisho, kisha mumwambie daktari jibu lake. Jibu hilo moja linaweza kumwonyesha daktari pa kuanzia.