Dozi ya nyongeza ya UVIKO-19: nyumba moja, majibu manne

Mada iliyowasilishwa na Divisheni ya Afya katika mkutano wa wananchi wa kata. Inachapwa hapa kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Swali lililoletwa mbele ya mkutano huu ni fupi, lakini limezigawa nyumba nyingi: je, mtu aliyekwisha kuchanjwa dhidi ya UVIKO-19 ana haja ya kuchanjwa tena? Wapo wanaojibu kwa hasira kwamba jambo hilo lilikwisha zamani. Wapo wanaojibu kwa woga, na wapo wanaonyamaza tu wakisubiri jirani aanze.

Chanjo hii nchini ni ya hiari na hutolewa bila malipo. Hivyo ndivyo ilivyoelezwa tangu tarehe 28 Julai 2021, siku ambayo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua uchanjaji jijini Dar es Salaam kwa kuchanjwa yeye mwenyewe hadharani. Lakini hiari si kubahatisha. Mwenye hiari ndiye mwenye wajibu wa kujua anachokikubali na anachokikataa.

Na ichukuliwe nyumba moja ya mfano, kwa kuwa hakuna nyumba katani isiyofanana nayo kwa namna fulani. Ndani yake yumo bibi wa miaka 68, mwenye kisukari na shinikizo la damu. Yumo mwanawe wa miaka 27, dereva wa bodaboda, mzima wa afya. Yumo mke wa kijana huyo, mwenye ujauzito wa miezi mitano. Na yumo shemeji wa bibi, mwanamume wa miaka 55, ambaye tangu mwanzo hakuchanjwa kabisa.

Bibi alichanjwa Agosti 2021 kwa chanjo ya Janssen. Aliambiwa kwamba chanjo hiyo ni dozi moja tu, akaitunza kadi yake ndani ya sanduku pamoja na hati ya kiwanja. Sasa anaposikia habari za dozi ya nyongeza, husema hivi: "Mliniambia moja inatosha. Leo mnarudi na nyingine. Kesho mtarudi na ya tatu?"

Lalamiko hilo ni la haki, na linastahili jibu kabla ya jambo lingine lolote.

Shehena ya kwanza ya chanjo, zaidi ya dozi milioni moja za Janssen, iliingia nchini Julai 2021 kupitia mpango wa COVAX. Wakati huo chanjo hiyo ilikuwa imeidhinishwa kutolewa mara moja, na hivyo ndivyo wananchi walivyoelezwa. Baadaye mambo mawili yalidhihirika. La kwanza, kinga itokanayo na chanjo hupungua kadiri miezi inavyopita, hasa kwa wazee na kwa watu ambao miili yao imechoshwa na magonjwa sugu. La pili, kirusi chenyewe kilibadilika. Novemba 2021, wanasayansi wa kusini mwa Afrika walitambua aina mpya iliyopewa jina la Omicron, ambayo iliweza kukwepa sehemu ya kinga iliyokuwapo. Kabla ya mwaka huo kwisha, wataalamu wanaolishauri Shirika la Afya Duniani walikuwa wamekwisha kueleza faida ya dozi ya pili kwa waliopata Janssen.

Kwa hiyo bibi hakudanganywa. Aliambiwa kilichojulikana siku ile. Kasoro iko kwingine: habari ya kwanza ilimfikia kwa vipaza sauti, na habari ya pili ikamfikia kwa mnong'ono. Mkutano huu ni sehemu ya kuirekebisha kasoro hiyo.

Wakazi wa nyumba za makuti wanalielewa jambo hili kuliko wengi. Paa la makuti huezekwa upya baada ya misimu kadhaa. Si kwamba fundi wa kwanza alikosea. Ni jua na mvua vilivyofanya kazi yake. Wala hakuna mwenye nyumba anayeezua paa zima kwa sababu ya tundu moja. Huangalia kwanza ni wapi panapovuja, na ni nani anayelala chini ya hapo.

Ni vyema pia ifahamike dozi ya nyongeza hufanya nini. Kazi yake kubwa ni kupunguza hatari ya kuugua sana, kulazwa na kufariki. Uwezo wake wa kuzuia maambukizi mepesi ni mdogo zaidi, na hudumu kwa muda mfupi. Ndiyo maana mtu aliyechanjwa anaweza kupata mafua na homa ya UVIKO-19, na jambo hilo peke yake halithibitishi kwamba chanjo ni bure. Kijana wa bodaboda huvaa kofia ngumu akijua kwamba haizuii gari kumgonga. Huivaa kwa ajili ya kichwa chake, siku ajali itakapotokea.

Hapa hutokea swali jingine: je, ugonjwa wenyewe haujakwisha? Ni kweli kwamba tarehe 5 Mei 2023 Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kwamba UVIKO-19 si dharura tena ya afya ya kimataifa. Lakini katika tangazo hilohilo alieleza kwamba kirusi bado kipo, bado kinaua na bado kinabadilika. Kilichokwisha ni dharura. Kwa hiyo swali la leo si lile la mwaka 2021, lililowahusu watu wazima wote kwa pamoja. Swali la leo ni la kila mtu na hali yake, na ndiyo maana nyumba moja inaweza kuwa na majibu manne.

Jibu la bibi ndilo lililo wazi kuliko yote. Ana umri mkubwa, ana magonjwa mawili sugu, na dozi yake ya mwisho imepita zaidi ya mwaka. Katika mwongozo uliotolewa Machi 2023, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliwaweka watu wa aina yake katika kundi la kwanza: wazee, wenye magonjwa kama kisukari na moyo, watu ambao kinga ya miili yao imepungua, wakiwemo baadhi ya wanaoishi na VVU, wajawazito, na watumishi wa afya wanaohudumia wagonjwa. Kwa kundi hili dozi ya nyongeza inashauriwa baada ya miezi 6 au 12 tangu dozi ya mwisho, kulingana na umri na hali ya mtu.

Jibu la mkwe wake linafuata. Mjamzito anayepata UVIKO-19 yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuugua sana na ya kujifungua kabla ya wakati. Ikiwa dozi yake ya mwisho imepita miezi 6, anashauriwa kupata nyingine, na kinga anayoipata humfikia pia mtoto kabla hajazaliwa. Hana haja ya safari ya ziada. Siku ya kliniki ya wajawazito inatosha kwa kumuuliza mkunga.

Jibu la kijana ni tofauti, na huenda likawashangaza baadhi ya waliohudhuria. Yeye alipata Janssen, kisha mwaka 2022 akapata dozi ya nyongeza. Ana nguvu na hana ugonjwa sugu. Kwa mtu wa namna hiyo, mwongozo huohuo unasema kwamba dozi nyingine zaidi ni salama, ila haishauriwi kama jambo la kawaida, kwa kuwa faida yake ni ndogo. Akiamua kutokwenda, hajaasi wala hajamkosea mtu.

Shemeji naye hahitaji dozi ya nyongeza, kwa sababu hakuna kitu cha kukiongezea. Kwake mazungumzo ni ya dozi ya kwanza, na mlango haujafungwa. Miaka 55 si uzee mkubwa, lakini wapo wengi wa umri huo wenye shinikizo la damu wasilolijua. Apimwe kwanza, kisha aamue akiijua hali yake.

Kuhusu maudhi, ukweli wote usemwe. Wengi huumwa mkono mahali palipochomwa, huchoka, huumwa kichwa au hupata homa kwa siku moja au mbili. Madhara makubwa yapo, ila ni nadra sana. Chanjo ya Janssen imehusishwa na mgando wa damu usio wa kawaida kwa watu wachache mno. Chanjo za Pfizer na Moderna zimehusishwa na uvimbe wa misuli ya moyo, hasa kwa vijana wa kiume, na wengi wao hupona. Anayepata maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuvimba mguu au kichwa kuuma kupita kiasi katika siku au wiki zinazofuata chanjo arudi kituoni mara moja. Ndiyo sababu pia mtu huombwa kukaa kituoni kwa angalau dakika 15 baada ya kuchomwa: mzio mkali, ukitokea, mara nyingi hutokea mapema, na dawa yake ipo hapohapo.

Ama uvumi kwamba chanjo huondoa uzazi au hubadilisha vinasaba vya mtu, hauna msingi. Wanawake wengi duniani wamechanjwa, kisha wakashika mimba na kujifungua salama.

Atakayeamua kwenda zahanati au kituo cha afya achukue kadi yake ya chanjo. Amweleze mtoa huduma dawa anazotumia, mzio alionao, na kama aliugua UVIKO-19 hivi karibuni. Akiwa na homa kali siku hiyo, asubiri ipoe. Aulize ni aina gani ya chanjo iliyopo. Si lazima ifanane na ya kwanza, kwa kuwa kuchanganya aina zilizoidhinishwa kunakubalika. Kadi iliyopotea isiwe kizuizi: mhudumu ataangalia kumbukumbu na kumshauri. Mwenye swali asilotaka kuuliza mbele ya watu anaweza kupiga 199, namba ya Wizara ya Afya isiyo na malipo.

Limebaki neno moja kwa vijana. Mara nyingi mzee huamuliwa na wanawe, iwe kupelekwa au kuzuiliwa, bila kuulizwa. Bibi wa nyumba hii ya mfano amelea watoto, amezika mume, na anaijua sukari yake kuliko wote wanaomsemea. Asomewe habari hizi kwa utulivu, aachwe aulize, aachwe hata akasirike. Akikataa, aheshimiwe, na nyumba iendelee kumlinda: mwenye mafua asikae karibu naye, madirisha yafunguliwe, mikono inawiwe. Akikubali, kijana aiwashe bodaboda yake asubuhi, ampeleke taratibu, akae naye zile dakika 15, kisha amrudishe nyumbani.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini mwenye ukuta aonyeshwe ufa ulipo, na aachiwe mwiko mkononi.