Fedha za Kadi ya Mkopo Safarini



Baada ya kumhimidi Allah (S.W.T.) na kumswalia Mtume wake (S.A.W.), tunapenda kuwakumbusha wanaojiandaa kwa Hija na Umra jambo linalochukuliwa kuwa jepesi: kutoa fedha taslimu ugenini kwa kadi ya mkopo.

Wengi hudhani kwamba mwenye kulipa deni lote mwisho wa mwezi amesalimika na riba. Muhula huo, kwa kawaida, ni wa manunuzi tu. Fedha taslimu ni mkopo, na benki nyingi za riba huanza kuhesabu nyongeza siku ile ile zinapotolewa, mbali na ada ya asilimia fulani ya kiasi kilichochukuliwa.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 12 mjini Riyadh, Septemba 2000, liliamua kuwa utoaji huo ni mkopo, nao wajuzu iwapo hauna ziada ya riba. Ada maalumu ya huduma, isiyofungamana na kiasi wala muda wa mkopo, si riba. Kinachozidi huduma halisi ni haramu.

Basi tuusome mkataba kabla ya safari. Tutumie kadi inayotoa fedha zetu wenyewe zilizomo katika akaunti. Zikipungua, tumwombe mwenzetu wa msafara qardhi hasan. Vipi tusimame Arafa tukiomba maghfira, ilhali deni la riba linakua nyumbani?

Wabillahi tawfiq.