Maziwa: Kubanwa au Kuchemshwa?

Mmetuuliza: kweli kuna mashine zinazoua vijidudu bila moto? Naam, zipo. Mwaka 1899 huko Marekani, Bert Hite aliyabana maziwa kwa nguvu nyingi, yakakawia kuchacha. Siku hizi viwanda hutumbukiza chupa za plastiki zenye maji ya matunda ndani ya tangi la maji, kisha huzibana karibu mara 6,000 kuliko hewa inavyotubana sisi. Vijidudu vingi hufa, ladha inabaki. Lakini vile vyenye ganda gumu havifi, ndiyo maana chupa hukaa kwenye baridi. Sisi hatuna mashine hiyo, sufuria tunayo. Maziwa mabichi huharisha watoto wetu. Basi tuyachemshe, tuyafunike.