DAFTARI LA SHULE NA ELIMU YA WATOTO WETU

(Hotuba iliyosomwa na karani mwanachama mbele ya mkutano wa Chama)



Nimepewa heshima ya kusema nanyi juu ya elimu ya watoto katika nchi yetu ya Tanzania. Sikuja kuisifu elimu, maana haihitaji sifa zangu. Nataka tuitazame kama karani atazamavyo hesabu: kimeingia nini, kimetoka nini, na katikati kimepotea nini. Wahenga walinena, Mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kuwa hata mali yenye daftari hupotea, iwapo daftari lenyewe lahesabu kisichotakiwa.

Tuanze na kilichoingia, kwani kuwashukuru waliotangulia ni deni. Mwezi wa Novemba 1974, Azimio la Musoma liliagiza kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa shule awe darasani. Waalimu hawakutosha, hivyo maelfu ya vijana waliomaliza Darasa la Saba wakachukuliwa, wakafundisha huku wao wenyewe wakifundishwa kazi ya ualimu. Baadaye ikaja miaka ya dhiki, ada ikarudishwa, na watoto wengi wakabaki nyumbani. Mwaka 2001 Serikali iliondoa ada katika shule za msingi. Wanafunzi, waliokuwa karibu milioni 5 mwaka ule, wakapita milioni 7 mwaka 2005. Tangu 2006 shule za sekondari zikaenezwa katika kata. Januari 2016 ada ikafutwa hadi Kidato cha Nne, na mwaka 2022 hadi Kidato cha Sita. Wasichana waliokatizwa masomo kwa sababu ya mimba waliruhusiwa kurudi shuleni mnamo Novemba 2021.

Haya si mambo madogo. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilipata watu milioni 12 na kidogo. Ile ya 2022 ilipata zaidi ya milioni 61. Kufungua mlango mbele ya umati unaoongezeka namna hiyo ni kazi ya kishujaa, na asiyeikiri si mkweli.

Sasa tutazame kilichotoka. Mnamo mwaka 2010 wapimaji wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba, wakawapa watoto hadithi fupi ya Kiswahili, ya kiwango cha Darasa la Pili. Katika watoto wa Darasa la Tatu, mmoja tu kati ya watatu hivi ndiye aliyeweza kuisoma. Naye mtoto asiyejua kusoma hupandishwa darasa pamoja na wenzake, mwaka hata mwaka, akibeba madaftari asiyoelewa. Matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012 yalipotangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Nchi nzima ilishtuka, na Waziri Mkuu akaunda tume. Lakini wale vijana hawakuanguka siku ya mtihani. Wengi wao, kwa maoni yangu, walianguka zamani, katika madarasa ya mwanzo, wala hakuna daftari lililoandika kuanguka kwao.

Hapo ndipo neno langu lilipo. Daftari la mahudhurio huandika aliyekuja na asiyekuja. Halina safu ya aliyejua na asiyejua. Nayo sifa ya shule hupimwa katika darasa la mwisho, penye mtihani wa taifa. Basi katika shule nyingi waalimu hodari hupelekwa huko juu, na Darasa la Kwanza, lenye watoto wengi kuliko yote, huachiwa mwalimu mmoja mchanga wa kazi. Ni kama mjenzi atiaye saruji njema darini na udongo mtupu katika msingi. Tukumbuke: Samaki mkunje angali mbichi. Serikali yenyewe ililiona jambo hili, ikaanza mwaka 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulioweka mbele kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtaala ni mwema, lakini hauwezi kujifundisha wenyewe.

Mtu ataniambia, "Bwana, fedha kwanza." Hakosei. Ruzuku iliyowekwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi mwaka 2016 ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Ukiigawanya kwa siku za masomo, ambazo ni kama 190 na zaidi kidogo, wapata shilingi 50 hivi kwa siku. Yafaa tuiombe Serikali iongeze, na tuombe kwa sauti moja. Lakini kumhamisha mwalimu hodari kutoka darasa la mwisho kwenda la kwanza, ndani ya shule ile ile, hakuhitaji hata senti moja. Tusiifanye haja ya fedha kuwa mto wa kulalia.

Mwingine atauliza, yatuhusu nini makarani? Yatuhusu kwa kuwa kalamu i mikononi mwetu. Naomba mambo matatu.

Kwanza, mwanachama aliye mjumbe wa kamati ya shule aulize swali moja kila muhula: Katika watoto wa Darasa la Pili, ni wangapi wasomao bila kusaidiwa? Jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Pili, jalada la uhamisho wa mwalimu likipita mezani pako, uambatanishe hesabu ya waalimu watakaobaki katika shule ile na wanafunzi wao. Uamuzi si wetu, lakini mwenye kuamua na aone kwamba nyuma ya karatasi ile kuna darasa litakaloachwa tupu.

Tatu, sisi tulio wazazi tumpe mtoto kitabu jioni, atusomee kwa sauti. Tusiridhike na alama za vema katika daftari lake, wala tusingoje mtihani wa taifa utupashe habari tuliyoweza kuijua nyumbani.

Wenzangu, wazee wetu walidai mlango ufunguliwe, na umefunguliwa. Kizazi chetu kitaulizwa neno lingine: walioingia walipata nini humo ndani? Aheri tuanze kuhesabu sisi wenyewe, kabla watoto hawajawa watu wazima wakatuuliza.

Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano uyapokee mambo haya matatu kama azimio la Chama.