Taa za Zenoni na Macho ya Wenzetu

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika ukumbi wa shule, Morogoro)



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo la sita katika ajenda yetu, yaani pendekezo la kuchanga fedha ili pikapu ya shule ifungwe taa za zenoni. Kazi yangu Serikalini ni kukagua manunuzi, na mtu wa manunuzi ana tabia moja inayowachosha wenzake: kabla ya kuuliza bei, huuliza kitu hicho kinanunuliwa kwa ajili gani. Naomba mnivumilie nifanye hivyo hivyo leo.

Pendekezo lenyewe lina nia njema. Pikapu hii ndiyo inayopeleka wagonjwa hospitali ya mkoa usiku wa manane, na ndiyo inayopanda Mgeta kufuata viazi, maharage na kabichi za jikoni kwenu. Kila aliyepita njia inayotoka Sangasanga kwenda Mlali, hata Langali na Nyandira, anaijua. Ni kona juu ya kona, upande huu ukuta wa mlima na upande ule bonde, na wakati wa kipupwe ukungu huteremka hadi barabarani. Ukiacha milima, barabara kuu ya Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na tembo usiku ana rangi ya lami. Tena tangu mwaka 2023 mabasi ya abiria yameruhusiwa kusafiri usiku, kwa hiyo giza la barabara zetu lina watu wengi kuliko zamani. Hakuna anayebisha kwamba gari letu linahitaji kuona.

Swali langu ni hili: je, balbu za zenoni za kununua dukani na kupachika ndani ya taa za zamani zitalipa gari letu macho, au zitawanyang'anya wengine macho yao?

Tuanze na sifa zake, maana haki ni haki. Balbu tuliyoizoea, ile ya halojeni, ilianza kutumika katika magari ya Ulaya mwaka 1962. Ndani yake mna uzi mwembamba wa chuma unaopata moto mpaka unang'aa. Zenoni haina uzi. Mna gesi ndani ya kichupa kidogo, na umeme unaruka katikati yake kama radi ndogo isiyokatika. Ili radi hiyo iwake, kisanduku chake hupandisha umeme wa betri kutoka volti 12 hadi zaidi ya volti 20,000 kwa kitambo kidogo sana, kisha huushusha. Gari la kwanza kutoka kiwandani na taa hizi lilikuwa BMW la mwaka 1991. Balbu ya halojeni ya namna iliyo katika pikapu yetu, ikiwa kwenye dimu, hula wati 55 na kutoa mwanga wa lumeni 1,000 hivi. Zenoni hula wati 35 na kutoa lumeni 3,200 hivi. Kwa hiyo muuzaji anapokuambia mwanga ni mara tatu na umeme ni pungufu, hakudanganyi.

Lakini kuna jambo ambalo muuzaji halisemi. Vijana wa Fizikia, hapa nisaidieni. Taa ya mbele ina balbu na ina kioo kilichobonyea kama bakuli, kile mnachokiita kioo mbonyeo. Mmefundishwa kwamba chanzo cha mwanga kikikaa mahali pake hasa mbele ya kioo hicho, miali hutoka imenyooka kwenda kunakotakiwa. Kikisogea hata milimita chache, miali hutawanyika. Kioo cha taa yetu kilichongwa kwa ajili ya ule uzi mwembamba, wenye urefu wake na mahali pake. Chini ya uzi wa dimu mna kikombe kidogo cha bati, na kazi yake ni kuzuia mwanga usipande juu kwenye macho ya anayekuja. Ukitoa balbu hiyo ukaweka zenoni, umeweka chanzo chenye umbo lingine na mng'ao mwingine ndani ya bakuli lisilokijua. Sehemu ya mwanga itakwenda barabarani, na sehemu kubwa itakwenda juu ya miti, kwenye kingo za mlima, na machoni mwa watu.

Ndiyo maana magari yaliyotoka kiwandani na zenoni yana vitu vingine vinavyoandamana nayo. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya magari zimetaka kwamba taa inayozidi lumeni 2,000 iwe na kifaa cha kujishusha yenyewe gari likipakia mzigo, na kifaa cha kusafisha kioo chake. Pakiti ya dukani haina hata kimoja. Kule Uingereza gari lililotengenezwa na taa za halojeni kisha likabadilishiwa balbu kuwa zenoni hufeli ukaguzi wa mwaka. Marekani nako idara ya usalama wa barabara imekwisha kusema kwamba pakiti za namna hiyo hazitimizi masharti yake. Hao ndio wenye viwanda vya taa. Wakikataa wao, sisi tusikimbilie kununua.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana mlima hauna siasa. Taa ya gari iliyopangwa vizuri huinama sentimita 1 kwa kila mita 1. Ikiwa imefungwa kimo cha sentimita 70 kutoka chini, mwanga wa dimu unagusa ardhi mita 70 mbele. Pakia sasa magunia ya viazi nyuma, pua ya gari ikainuka kiasi cha nyuzi moja tu. Mwanga uliokuwa ukiinama sasa unapanda. Ukifika mita 50 mbele, uko juu ya ardhi zaidi ya mita 1, sawasawa na macho ya dereva wa gari dogo, au ya mtoto anayerudi dukani. Hapo bado tunasema juu ya halojeni. Weka mara tatu ya mwanga huo, tena uliotawanyika, halafu panda nao kona za Mgeta.

Mtu aliyepigwa taa kali machoni huhitaji sekunde kadhaa kabla ya kuona tena sawasawa. Tuseme tatu. Dereva aendaye kilomita 80 kwa saa anasafiri mita 22 kila sekunde, kwa hiyo atakwenda mita 66 kama kipofu. Na anakuja kwetu. Mnaona basi kwamba hasara haiishii kwa yule aliyepigwa taa. Aliyempofusha mwenzake ameliita gari la mwenzake lije kifuani pake. Na kati yao wawili wapo wasio na bampa wala mkanda: mwenye baiskeli aliyefunga kreti za nyanya, kijana wa bodaboda, na mama aliyetoka Bigwa alfajiri na ungo wake akiwahi Soko la Chifu Kingalu. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tunailaani taa ya mwenzetu usiku kucha, na ya kwetu tunaiita maendeleo.

Wako watakaosema: je, ukungu? Ukungu ni matone ya maji yanayoelea. Ukiupiga kwa mwanga mwingi, mwanga unakurudia mwenyewe, ukaona ukuta mweupe mbele yako. Kinachosaidia katika ukungu ni mwanga wa chini unaotambaa juu ya barabara, na mguu ulioachia mafuta. Na zile balbu za rangi ya buluu ambazo vijana wanazipenda, zinazoandikwa Kelvini 8,000, hutoa mwanga mdogo kuliko zile nyeupe za kawaida za Kelvini 4,300. Hapo mtu analipa zaidi ili aone kidogo.

Basi tufanye nini? Wiki iliyopita niliomba ruhusa nikaitazama pikapu pamoja na fundi umeme wa magari. Tuliyoyakuta yako katika magari mengi yaliyoegeshwa hapo nje, kwa hiyo sikilizeni nanyi wenye magari.

Kwanza, vioo vya taa vimepigwa na jua mpaka vikawa na rangi ya chai. Vioo vya siku hizi ni plastiki, na jua huviunguza. Vinaweza kusuguliwa vikarudi, au kubadilishwa.

Pili, umeme haufiki. Tulipima volti kwenye betri, kisha tukapima kwenye balbu, tukakuta nyingine zimepotelea njiani katika waya chakavu na viungo vyenye kutu. Halojeni ni nyepesi kuathirika: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Dawa yake ni waya mpya mnene, kusafisha mahali waya wa chini unaposhika bodi, na kufunga rilei ili umeme wa taa utoke betri moja kwa moja badala ya kuzungukia kwenye swichi ya usukani. Wala tusidanganyike kuweka balbu za wati 100 juu ya waya ule ule, maana holda zitayeyuka.

Tatu, taa hazikupangwa. Taa moja ilitazama mitini na nyingine ilitazama mtaro. Kazi hii haidai mashine. Egesha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, matairi yakiwa na upepo wa kutosha na dereva akiwa amekaa. Pima kimo cha taa, weka alama ukutani, kisha zungusha skrubu mpaka mstari wa juu wa dimu ukae sentimita 10 chini ya alama. Vijana wa kidato cha tatu wanaweza kufanya kazi hiyo kama zoezi, na walimu wakawapa alama.

Nne, ni kwa wale wanaoagiza magari. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo taa zao hupandisha mwanga kidogo upande wa kushoto, kumulika waenda kwa miguu. Gari la nchi zinazoendesha kulia hupandisha mwanga upande wa kulia, yaani usoni kwa anayekuja. Gari la namna hiyo libadilishwe taa zenyewe, bakuli na kioo chake. Na wenye kile kigurudumu kidogo cha kushushia taa kwenye dashibodi, chenye namba 0 hadi 3, kitumieni mnapopakia mzigo. Hakikuwekwa kuwa pambo.

Kwenu wanafunzi nina maneno mawili tu. Mkitembea barabarani usiku, tembeeni upande wa kulia mkiyatazama magari yanayokuja, na vueni sweta za rangi nyeusi mkabaki na mashati meupe. Na mtakapokuwa madereva, maana mtakuwa, mkipigwa taa msimrudishie mwenzenu fulu. Punguzeni mwendo, tazameni ukingo wa kushoto wa barabara mpaka apite. Vipofu wawili hawaongozani.

Ndugu Mwenyekiti, sikuja hapa kuzuia mchango. Nimekuja kuomba ubadilishwe jina. Gharama ya vioo, waya, rilei na balbu mbili halali, kwa bei alizotuandikia fundi, iko chini ya fedha iliyopendekezwa kwa pakiti ya zenoni, na kinachobaki kinatosha tairi moja jipya. Mwanga wa gari hutoka kwa mwenye gari, lakini barabara ni ya wote wanaoitumia, na mgonjwa tunayemwahisha hospitali hana haki ya kufika kwa kumtumbukiza mwenzake bondeni.

Kwa hiyo napendekeza kwamba katika jambo la sita maneno "kufunga taa za zenoni" yafutwe, na mahali pake yaandikwe "kutengeneza na kupanga taa za gari la shule", na kwamba kila mmoja wetu aliyekuja na gari apange taa zake ukutani kabla ya kuondoka kesho.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.