Unalala kwa Mito Mingapi?

Hotuba iliyotolewa katika chakula cha jioni cha kuadhimisha Siku ya Uhuru, 9 Desemba

 

Mwenyekiti amenikaribisha hapa mbele kama "daktari wetu wa moyo". Namshukuru kwa kunipandisha cheo, lakini nasahihisha mapema kabla mtu hajaniletea karatasi zake za vipimo. Mimi ni nesi. Nafanya kazi katika wodi na kliniki ya moyo ya hospitali ya maveterani, yaani askari wastaafu wa Marekani. Daktari bingwa wa moyo ni mtu mwingine, nami nafanya naye kazi bega kwa bega. Nimeombwa nieleze kazi hiyo, hasa kwa ajili ya vijana. Nitaeleza, lakini nina jambo langu pia la kuwaambia, na msipokumbuka kitu kingine usiku huu, naomba mkumbuke hilo.

Nilifika nchi hii mwaka 2004 nikiwa na sanduku moja na cheti cha kidato cha sita. Nilianza katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku, nikiogesha na kulisha, na mchana nikienda chuo. Shahada ya uuguzi niliipata mwaka 2012. Nilipopata uraia nikaomba kazi kwa maveterani, kwa sababu hospitali zile ni za serikali kuu na kwa kawaida huajiri raia. Baadhi yenu mlinitania kwamba nimejiunga na jeshi.

Hospitali hizo zina historia ndefu. Machi 1865, wiki chache kabla ya kuuawa, Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kuanzisha makao ya askari waliolemazwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Makao ya kwanza yalifunguliwa Togus, jimbo la Maine, mwaka 1866. Mengi ya maana katika tiba ya moyo yametoka kwenye hospitali za askari wastaafu. Mwaka 1960, katika hospitali ya maveterani ya Buffalo, Dkt. William Chardack na wenzake walimwekea mgonjwa betri ya moyo ndani ya mwili, kifaa kilichobuniwa na injinia Wilson Greatbatch. Na ule utaratibu wetu wa kupitisha mashine kwenye mkanda wa mkononi wa mgonjwa kabla ya kumpa dawa, ili dawa isiende kwa mtu mwingine? Ulianzia kwenye wazo la nesi, Sue Kinnick wa Topeka, Kansas, katika miaka ya 1990. Aliona wafanyakazi wa kampuni ya kukodisha magari wakitumia kifaa cha kusoma mistari ya siri kwenye magari, akajiuliza kwa nini sisi tusifanye hivyo kwa dawa. Mabinti zangu mnaosema "ni nesi tu", mkumbukeni huyo.

Sasa, kazi yenyewe. Kijana anayetaka kuwa daktari bingwa wa moyo hapa Marekani ajiandae kwa safari. Atamaliza shahada ya kwanza, asome udaktari miaka minne, magonjwa ya ndani miaka mitatu, kisha moyo miaka mitatu mingine, na akitaka kuzibua mishipa au kuweka betri ataongeza tena. Daktari huyo anasoma umeme wa moyo kwenye karatasi kama sisi tunavyosoma gazeti. Anautazama moyo ukipiga kwenye kioo cha eko. Anapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono hadi kwenye moyo, na anafungua mahali palipoziba. Nimeyaona hayo kwa miaka mingi na bado nayastaajabia.

Lakini daktari anakaa na mgonjwa dakika chache. Mimi nakaa naye saa kumi na mbili. Kwa hiyo kuna mambo ambayo mimi huyaona kabla yake.

Nitawapa mfano, nikificha kila kitu cha kumtambulisha mwenyewe. Alikuja kliniki mzee mmoja aliyepigana Vietnam. Amenyooka, amenyoa, amechomekea. Nikamuuliza maumivu yake ni mangapi, kuanzia sifuri hadi kumi. Akasema sifuri. Unachoka? Hapana. Unapumua vizuri? Ndiyo. Askari yule angejibu hivyo hivyo hata kama ningemkuta ana risasi mguuni. Lakini nilitazama chini nikaona amevaa kandambili, na ilikuwa Januari, nje kuna theluji. Viatu havikumwingia tena. Miguu ilikuwa imevimba.

Nikamuuliza swali ambalo manesi wa moyo tunauliza kila siku: "Mzee, unalala kwa mito mingapi?" Alinyamaza kidogo, akasema, "Silali kitandani. Nalala kwenye kiti." Tangu lini? "Tangu miezi minne."

Nikatoka kumwita daktari.

Naomba niwaeleze maana yake. Moyo ni pampu. Ukichoka, hausukumi damu yote inayoufikia, na maji yanaanza kurudi nyuma. Yanajaa miguuni, na yanajaa kwenye mapafu. Mtu akilala chali, maji yale yanatandaa kifuani na anahisi kama anazama. Akiinuka anapata nafuu. Basi anaongeza mto wa pili, wa tatu, mwisho anahamia kwenye kiti. Hasemi anaumwa, kwa sababu kweli hakuna panapouma. Mzee yule tulimlaza, tukampa dawa za kutoa maji na za kuusaidia moyo. Alipoondoka aliweza kufunga kamba za viatu vyake. Nilimfundisha ajipime uzito kila asubuhi, apige simu ukiongezeka pauni mbili au tatu kwa siku moja. Nami alinifundisha kumpigia saluti.

Usiku ule nilifika nyumbani nikakaa ndani ya gari, sikuweza kushuka.

Baba yangu alikwenda vita vya Kagera mwaka 1978, akiwa mwanamgambo kutoka Tabora. Mimi nilizaliwa amesharudi. Hakusimulia vita hata siku moja. Nilipokuwa kidato cha nne, alianza kulala kwenye kiti cha kamba barazani, shuka mabegani, akitazama mwembe na barabara. Sisi watoto tulisema, "Baba analinda." Mama alisema ni mambo ya vita, tumwache. Majirani walimheshimu kwa hilo. Viatu vyake vya ngozi alimpa kaka yangu, akasema yeye sasa ni mtu wa kandambili. Alifariki mwaka 1999, akiwa kwenye kiti kile kile, alfajiri.

Hakupimwa moyo, kwa hiyo siwezi kuapa mbele yenu. Lakini presha alikuwa nayo, aliwahi kuambiwa, akanywa dawa mwezi mmoja, akaacha kwa kuwa alijisikia mzima. Mambo yote niliyoyaona kwa yule mzee wa Vietnam, nilikuwa nimeyaona kwa baba yangu miaka mingi nyuma. Tulikuwa watu saba ndani ya nyumba, na hakuna aliyemuuliza kwa nini halali.

Hapo ndipo linapokuja jambo langu. Nimehudumia maveterani kwa miaka kumi sasa, na ninapoingia katika ukumbi huu nawaona wengine. Hamkupigana vita, lakini mmejifunza kujibu "sifuri". Tunafanya kazi mbili, tunatuma ada nyumbani, tunajenga, tunazika kwa simu. Mtu akiulizwa hali, anasema "salama tu, namshukuru Mungu". Kuvumilia kumetufikisha hapa, nami sikudharau. Lakini moyo hauelewi uvumilivu. Moyo unaelewa presha, chumvi, sigara, sukari na dawa.

Presha haina dalili mpaka imeharibu. Zamani hata madaktari wengi hawakuwa na uhakika kama kuitibu kunasaidia. Waliothibitisha ni maveterani hawa hawa. Mwaka 1967, Dkt. Edward Freis na wenzake katika hospitali za maveterani walitoa matokeo ya wanaume 143 wenye presha ya chini kati ya 115 na 129. Baadhi walipewa dawa, wengine vidonge visivyo na dawa. Tofauti ilijitokeza haraka mno: waliokosa dawa walipata viharusi, mioyo kushindwa na vifo, na waliopata dawa walikingwa. Kwa hiyo mtu anayekunywa kidonge cha presha leo, awe hapa au Kariakoo, anafaidi kitu ambacho askari wale walikubali kujaribiwa ili kijulikane. Ukikiacha kabatini kwa sababu unajisikia mzima, unafanya alivyofanya baba yangu.

Mwaka jana ndugu yetu mmoja alinipigia simu saa nane usiku. "Dada, kifua kinanibana, mkono unakufa ganzi. Nikupitie kwako unitazame?" Nilimwambia apige 911 sasa hivi. Akaanza hesabu: bili itakuwa kubwa, kesho ana zamu, na mambo ya karatasi. Tulibishana dakika sita, na kila dakika misuli ya moyo inakufa. Mwisho mke wake alichukua simu akapiga. Yuko hai, na yuko humu ukumbini, na ameniruhusu niseme. Basi nasema tena kwa wote. Tangu 1986 kuna sheria inayozitaka hospitali zenye idara ya dharura, karibu zote nchini, kumpima na kumtuliza mgonjwa wa dharura hata kama hana bima, hata kama hana karatasi. Bili ina mazungumzo yake baadaye, na hospitali nyingi zina fungu la kusaidia wasio na uwezo. Usiendeshe gari mwenyewe. Usimpigie nesi unayemjua. Akina mama, kwenu huenda kifua kisibane sana. Huenda ikawa kichefuchefu, kuishiwa pumzi, maumivu ya taya au mgongo, uchovu usio na sababu. Nanyi pigeni hiyo namba.

Na mnapofika, ombeni mkalimani wa Kiswahili. Ni haki yenu na ni bure. Msimfanye mtoto wa miaka kumi amwambie bibi yake habari za moyo wake.

Watoto, sasa nawageukia ninyi. Shuleni mnafundishwa kwamba leo ni siku Tanganyika ilipopata uhuru, mwaka 1961. Wazazi wenu watawaambia kwamba Mwalimu Nyerere alitaja maadui watatu wa nchi changa: ujinga, umaskini na maradhi. Adui huyo wa tatu alipanda ndege pamoja nasi. Nawapa kazi ndogo. Mkifika nyumbani usiku huu, muulizeni baba, mama, babu au bibi maswali matatu. Presha yako ni ngapi? Viatu vyako bado vinakuingia? Unalala kwa mito mingapi? Wakiwaambia ni mambo ya watu wazima, semeni nesi ndiye aliyewatuma.

Meza yangu iko pale mlangoni, na mashine ya presha iko juu yake. Ikisoma 130 kwa 80 au zaidi, tutazungumza taratibu, tutapima tena, na nitakuandikia mahali pa kwenda. Wazee ndio watakaoanza, kisha ninyi mliopeleka sahani ya pili ya pilau.

Mwenyekiti, nawe uje, kwa kuwa umeniita daktari.

 Heri ya Siku ya Uhuru.